Alama Isiyo na Kutu

Marehemu alilala kifudifudi kando ya tangi la maji, mkono mmoja bado umeshika spana. Karibu na kichwa chake palikuwa na mtungi wa gesi mtupu, na juu yake mnyororo wa winchi ulining'inia bila mzigo. Ukitazama harakaharaka ungesema mtungi ulichomoka ukamwangukia. Ndivyo meneja wa kiwanda alivyotaka kila mtu aseme.

Inspekta hakuwa mtu wa kutazama harakaharaka. Askari wenzake walimpachika jina la Mama Kwa Nini, naye hakulikasirikia. Alivaa glavu, akachuchumaa, akaukagua ule mtungi kuanzia kwenye valvu hadi kwenye kitako.

"Nani aliyemkuta?"

"Mimi, Afande," meneja akajibu. "Saa moja asubuhi, nilipofungua. Ajali mbaya sana. Alikuwa mpimaji wetu wa mitungi, mchapakazi kwelikweli."

"Kwa nini ajali?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Ninachoona ni mtungi usio na hata tone la damu."

Daktari wa polisi aliinua kichwa kutoka kwenye maiti. "Jeraha liko kisogoni. Dogo, la mviringo, lina ukubwa wa sarafu. Mtungi ungepasua fuvu zima. Hii ni nyundo, na amepigwa jana jioni, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu."

Meneja akatazama saa yake. Inspekta aliliona hilo, akaliweka akilini.

Nyundo ilikuwa imetundikwa ukutani mahali pake. Zana zote mle ndani zilikuwa na grisi na vumbi isipokuwa hiyo, iliyotakata kama inapelekwa harusini. Sajini aliitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Jana uliondoka saa ngapi?" Inspekta akamgeukia meneja.

"Saa kumi na moja, wafanyakazi walipotoka."

"Mlinzi anasema saa kumi na mbili."

"Ah... labda kumi na mbili. Nilikuwa ofisini nabembeleza wenye meli waniongezee siku moja. Wamekataa. Inaondoka leo jioni."

"Na wewe una haraka gani na meli?"

Meneja alionyesha kwa kidole safu za mitungi ukutani. "Hii yote imetengenezwa ng'ambo. Haina alama ya ubora ya hapa kwetu, kwa hiyo haturuhusiwi kuiuza humu nchini. Tunaijaza gesi kwa ajili ya kusafirishwa tu. Lakini hata hiyo ya kwenda nje, sheria inataka kila mtungi upimwe kwanza kabla ya kujazwa. Unafunguliwa valvu, unajazwa maji, unapigwa pampu mpaka thelathini kwenye geji. Ukistahimili, mpimaji anaugonga alama yake."

"Usipopimwa?"

"Unaweza kufumuka jikoni kwa mtu, Afande. Hatujui chuma cha watu kimepitia nini."

Sajini alirudi na daftari la vipimo, amelifungua ukurasa wa jana. Chini ya tarakimu, kwa wino wa marehemu, palikuwa na mistari mitatu. *Mitungi kumi na minane yenye alama yangu haijapimwa. Kosa ni langu. Nitairudia yote mwenyewe kabla haijajazwa.*

"Basi!" meneja akapiga kofi pajani. "Kumbe alikuwa anagonga alama tu huku sisi tunamwamini!"

"Mwongo!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mjane alikuwa amesimama pale, khanga imemteleza begani, macho makavu kwa hasira. "Mume wangu hawezi kufanya hivyo. Mmemuua, sasa mnataka kumzika na uongo juu yake. Wanangu waambiwe nini? Baba yenu alikuwa tapeli?"

Inspekta alimshika mkono, akamtoa nje, wakaketi kwenye benchi la wafanyakazi.

"Pole sana, mdogo wangu. Nisaidie. Jana alikuwaje?"

"Alikuja kula mchana, chakula hakikushuka. Akaniambia, 'Kuna mitungi ina alama yangu na mimi sijaigusa.' Nikamuuliza, nani kafanya hivyo? Akanyamaza. Mume wangu alikuwa na maneno, dada. Akinyamaza namna ile, ujue anamsitiri mtu."

"Nani?"

"Ningejua ningekutajia hapa hapa." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Na mwangalie kutu."

"Kutu?"

"Baba yangu ndiye aliyemfundisha kazi, na mimi nimekua nikiyasikia hayo mezani. Alama hugongwa mtungi ukiwa bado unachuruzika maji. Kesho yake herufi zinashika kutu. Ukiona kutu, ujue mtungi ule ulipita kwenye maji. Mume wangu hakuwahi kugonga kukavu hata siku moja."

Inspekta alirudi ndani mbio, akaanza kupita safu moja baada ya nyingine. Mitungi mingi ilikuwa na herufi za rangi ya kahawia. Za ile kumi na minane ya mwisho ziling'aa kama kijiko kipya. Ilikuwa imegongwa mikavu. Tena alama zake zilikwenda mrama, nyingine zimelala upande, moja imegeuka kichwa chini. Hata hivyo kila moja ilizama sawasawa, kwa pigo moja.

Mkono ulikuwa wa fundi, lakini jicho lilikuwa la nani?

Alimpa meneja nyundo nyingine na kipande cha bati. "Gonga alama moja hapa."

Meneja aligonga mara tatu. Pigo la kwanza lilikwaruza, la pili likakosa, la tatu likampata kidole gumba. Akaruka huku akikinyonya. Sajini aligeuka ukutani ili asionekane akicheka. Huyu hakuwa mgongaji wa alama, ingawa Inspekta hakumwondoa kabisa kwenye orodha yake.

Ukutani palikuwa na misumari miwili, kila mmoja na chapa yake, chuma cha kugongea alama: moja ya marehemu, nyingine ya baba mkwe wake, fundi mkuu. Rangi ya ukuta ilikuwa bado inanuka.

"Mmepaka lini?"

"Juzi. Nilizitoa zana, halafu nikazirudisha mwenyewe."

"Chapa ya marehemu hukaa msumari upi?"

"Wa kushoto. Au kulia? Sikumbuki, Afande. Herufi si zinaonekana?"

Inspekta alizitazama zile chapa mbili. Herufi zinaonekana, naam, kwa mtu anayeona. Alikuwa amepata jibu, na hakulifurahia.

"Mwite fundi mkuu," akasema. Halafu akamnong'oneza Sajini jambo. Sajini akaenda kwenye pampu, akafunga kikoki kidogo chini ya geji, kile cha kuingizia maji kwenye geji yenyewe.

Mzee aliingia akipitisha vidole ukutani. Alikuwa mrefu, safi, shati limepigwa pasi. Mguu wake ulikipiga kikumbo kindoo ambacho mtu yeyote angekizunguka. Mjane alimfuata nyuma, akabaki mlangoni.

"Poleni na kazi, wanangu," mzee akasema. "Nimepoteza mkwe, nimepoteza mwana."

"Pole, Mzee. Jana ulimwacha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Nilimwacha mzima, anafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Kupima."

"Basi nionyeshe inavyopimwa. Mtungi huu aliuacha umejaa maji tayari. Meneja atapiga pampu, wewe unisomee."

Mzee alisita kidogo, kisha akasogea mpaka pua ikakaribia kioo cha geji. Meneja, kidole kimefungwa kitambaa, akaanza kupiga pampu. Mpini ulikuwa mwepesi, ukawa mzito, ukaanza kulia. Mzee aliinamisha sikio.

"Simama! Hapo hapo. Thelathini kamili."

Sindano ya geji ilikuwa imelala kwenye sifuri.

"Baba," mjane akasema kwa sauti ndogo. "Sindano haijatikisika."

Mabega ya mzee yalishuka. Alitafuta kiti kwa mkono, Sajini akamsogezea.

"Tangu lini, Mzee?" Inspekta akauliza.

"Miezi mitano. Kwanza ukungu katikati, halafu ukungu wote."

"Ulipimaje?"

"Sikupima. Ningejaza maji ningelazimika kumwita mtu anisomee geji, na angejua. Nilikuwa nabaki nyuma wenzangu wakitoka, nagonga alama kukavu. Mkono unajua kazi. Miaka thelathini na minane, mwanangu! Wote humu wananiita mwalimu. Ningekwenda kukaa nyumbani niwe mtu wa kushikwa mkono kupelekwa uani?"

"Na juzi jioni ulichukua chapa kwenye msumari wako wa kila siku."

"Nilichukua ya kulia, kama siku zote. Kumbe haikuwa yangu."

"Ndipo mkweo akakuta alama yake kwenye mitungi ambayo hakuigusa."

"Alinisubiri jana wenzake walipotoka. Hakunipigia kelele. Akaniuliza tu, 'Baba, huoni?' Sikumjibu. Akafungua daftari akaanza kuandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Nikamwambia, 'Unaniandika?' Akasema, 'Lazima iandikwe, Baba.' Akaenda zake kufungua valvu, akanipa mgongo." Akajipangusa kiganja pajani. "Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Nilidhani amenimaliza. Kesho yake dunia nzima ingesoma kwamba mwalimu ni kipofu anayegonga alama za uongo."

"Na mtungi? Mnyororo?"

"Niliviweka kwa kupapasa. Halafu nikaosha nyundo."

Inspekta alimgeukia meneja. "Melini kuna mitungi mingapi yenye alama ya mzee ya miezi hii mitano?"

Uso wa meneja ulisawijika. "Sitini na kitu."

"Unasubiri nini?"

Meneja alikimbilia simu, safari hii bila kubembeleza mtu.

Inspekta alilichukua daftari, akaliweka mapajani kwa mzee. Alikuwa na hasira, na alikuwa na huzuni, na havikutaka kutengana. "Hiki ndicho alichokuwa anaandika. Soma."

Vidole vya mzee vilipita juu ya karatasi. Karatasi haikumwambia kitu.

"Nisomeeni," akasema.

Kabla Inspekta hajanyoosha mkono, mjane alikuwa amefika. Alilichukua daftari, akasoma polepole, kila neno kwa nafasi yake: "Mitungi kumi na minane yenye alama yangu haijapimwa. Kosa ni langu. Nitairudia yote mwenyewe kabla haijajazwa."

Pampu ilidondosha maji kwenye sakafu. Mzee alipapasa hewani kuelekea sauti ya bintiye.

"Jina langu," akasema mwishowe. "Jina langu liko wapi?"

"Halipo, Baba."

"Soma tena."

"Ameandika mara moja tu."

Alilifunga daftari, akamkabidhi Inspekta, akatoka nje kwa mwendo wa mtu aliyebeba kitu kilichojaa. Hakugeuka.

Sajini alitoa pingu. Mzee alisikia mlio wake, akasimama, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea ukutani, mahali pasipokuwa na mtu. Ikabidi Sajini azunguke upande ule.