Kiapo Kilichoisha Jumamosi

Ndugu zangu wa bonde hili la sitroberi, nyumba ya Eleuterio mliijua. Mwaka ule ilitulia. Eleuterio alikuwa amepiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria wa Guadalupe, padri akishuhudia, akaapa kutogusa pombe mpaka binti yake Yaretzi atimize miaka kumi na mitano. Kila jioni alirudi kutoka shambani na akili zake timamu, akala maharage na chapati za tortilla, kisha akafanya na binti yake mazoezi ya dansi ya sherehe ya kutimiza miaka hiyo, uani, akimkanyaga vidole, wakicheka. Yaretzi aliamini kiapo kile ni zawadi yake. Maskini, lile neno "mpaka" hakulisikia.

Alilisikia wiki ya sherehe, Chon, baba wa ubatizo wa Yaretzi na hivyo kompadre wa Eleuterio, alipopita.

"Kompadre, Jumamosi kifungo kinaisha! Koo halijaota kutu?"

"Limejaa utando wa buibui!" Eleuterio akajibu, macho yaking'aa.

Yaretzi akamfuata jikoni. "Baba, rudi kwa padri uongeze. Hata mwezi tu."

"Mwanangu, nilichomwahidi Bikira nimetimiza. Sasa nikatae kunywa siku yako mwenyewe? Watu wataniona mwanamume gani?"

"Mama, mwambie basi!"

Eduviges aliendelea kukoroga sufuria. "Mwache baba yako. Amejitahidi."

Kwetu baba ndiye humvua binti viatu vya kitoto na kumvisha vya kisigino mbele ya ukumbi mzima, kisha wakacheza. Jumamosi ile Eleuterio alipoitwa, alikuwa akinywa tangu misa ya sherehe ilipokwisha. Alimvisha kiatu kimoja. Cha pili kilimshinda.

"Huu mguu mbona haukai mahali pamoja?" akauliza, akaanguka chali. Tukacheka, Mungu atusamehe.

Chon akamwinua. "Twende upate hewa, kompadre."

Wakatoka, Eleuterio kiatu kikiwa bado mkononi. Bia ilikuwa imepungua, wakapanda gari kuifuata nyingine, Eleuterio akishika usukani.

Yaretzi akabaki kitini, mguu mmoja una kiatu cha kisigino, mwingine hauna kitu. Mjomba wake akataka kucheza naye badala ya baba.

"Hapana, anarudi," akasema. "Kiatu changu anacho."

Wanamuziki wakangoja, wakachoka. Aliyeingia mlangoni alikuwa polisi. Gari lilikuwa limepinduka kwenye mfereji. Chon alipona, anachechemea. Eleuterio alitolewa amekufa, na kiatu kilikuwa ndani ya koti lake, upande wa moyo.

Funzo

Ndugu zangu, kiapo chenye siku ya mwisho si kuacha pombe, ni kuisubiri. Ukiapa, kaape tena kabla hakijaisha, na utafute wa kukushika mkono. Nawe unayemjazia glasi mtu unayejua pombe inamshinda, usiite huo urafiki. Na sisi wengine tuache kumcheka mlevi, tumzuie asishike usukani. Yaretzi ameshakuwa mtu mzima. Kwenye sherehe za watoto wa wenzake huja, lakini ikifika zamu ya viatu, hutoka nje.