Jiwe Lililotoboa Bati

Sihaba hakutoka nyumbani kutafuta ugomvi. Jumamosi ile alikuwa anapita zake soko la samaki la Bagamoyo, saa nne asubuhi, mnada umepamba moto, wanunuzi wamezizunguka beseni za changu na kolekole. Alikuwa amevaa baibui jeusi, mtandio wa zambarau na raba zilizokuwa nyeupe siku ya kununuliwa. Mkononi alishika fimbo yake ya kazi, iliyofungwa sumaku nene nchani kwa mpira wa baiskeli.

Kando ya njia palikuwa na friza bovu, na mbele yake alichuchumaa fundi mmoja mwembamba, ovaroli la bluu limekatwa mikono. Skrubu zake alikuwa amezipanga ndani ya mfuniko wa kopo la rangi. Fimbo ikapita juu ya mfuniko, skrubu zikarukia sumaku kama inzi kwenye embe. Zilizobaki zikamwagika ndani ya maji ya magamba.

“Dada, hiyo fimbo ya uganga au ya wizi?” fundi aliuliza, wala hakupandisha sauti.

Sihaba akamjibu kwamba ni ya utafiti, na kwamba mtu mwenye akili hapangi skrubu njiani. Fundi akasema friza liko pale tangu alfajiri, na wenye macho wote wamelizunguka. Watu wakacheka. Sihaba akainama na kuziokota moja moja, uso umemwiva, na fundi hakumsaidia hata moja. Zilipotimia, fundi akataka kujua ni utafiti gani unaohitaji sumaku.

Sihaba akamweleza. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu chuo kikuu Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa vimondo. Machi ya mwaka uliopita, wakati wa alasiri, anga ya Zinga, jirani na Bagamoyo, ilipasuka kwa kishindo na mawe yakaanguka. Kwa wiki tatu alikuwa amepekua mashamba ya mihogo na mananasi, na hakupata ila misumari na vipande vya majembe.

Uso wa yule fundi ukajifunga. “Kama hujapata, Mungu hakutaka upate,” alisema, akamgeuzia mgongo.

Aliyemfumbua macho ni Wahida, mkaanga samaki wa pale jirani. Yule ni Twalib, alisema, mtoto wa Bi Mwanamkasi wa Zinga. Jiwe lilitoboa bati la nyumba yao, likapasua sakafu, na siku tisa baadaye baba yake akafariki kwa presha. Msiba haujapoa, wakaja mabwana wawili wenye vitambulisho shingoni, wakajitambulisha kuwa ni watu wa chuo kikuu. Wakachukua kipande kikubwa kwenda kukipima. Vitambulisho vilikuwa vya uongo, na jiwe halikuonekana tena. Kilichobaki ni kipande cha ukubwa wa ngumi, mama amekifunga kwenye kanga, na hakuna anayeonyeshwa.

Mwingine angekata tamaa. Sihaba kesho yake alikuwa Zinga. Bi Mwanamkasi alimwitikia shikamoo yake, akamtandikia mkeka, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hapana. Twalib akamsindikiza hadi barabarani. Haikuwa adabu. Alitaka kuhakikisha ameondoka.

“Jiwe lenu linaliwa,” Sihaba alimwambia walipofika barabarani. “Ndani mna chembe za chuma, na hewa yetu ina chumvi. Mwaka mmoja mwingine kwenye hiyo kanga, mtabaki na jiwe la kusugulia miguu.”

Twalib akasema hiyo ni mbinu, na kwamba wale wa mwanzo nao walikuja na maneno matamu.

“Yangu si matamu. Wewe ni fundi wa friji pwani. Huijui kutu?”

Alikuwa anaijua. Siku ya tano simu ya Sihaba ikalia, na sauti ikasema bila salamu: “Linatoa unga mwekundu.”

Hapo ndipo walipoanza kuonana. Kumpa jiwe Twalib hakukubali, lakini alikubali kuliokoa. Alichukua bodi la friza dogo, akalivisha mpira mpya mlangoni. Akazunguka maduka ya viatu akikusanya vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyowekwa ndani ya viatu vipya, akazikaanga chembe hizo kwenye kikaango mpaka zikakauka kabisa, akazitandaza chini. Sihaba alisimama pembeni na kipimo cha unyevu, akimsahihisha. Twalib akamuuliza kama nyumbani kwao mtu hulipwa kwa kila neno. Wakazozana mchana kutwa. Jioni kipimo kiliposhuka na kutulia, wote wawili walijikuta wanacheka, na hakuna aliyejua nani aliyeanza.

Mwezi wa Juni haukuisha kabla simu hazijawa za kila siku, baada ya magharibi.

“Umekula?” Twalib huuliza.

“Nimekula. Na wewe usianze kunitunza kabla hujaniudhi vya kutosha leo.”

“Nitakuudhi sasa hivi. Lile jiwe lako limenuna.”

“Limekumiss, fundi wangu wa baridi. Lisalimie.”

Katika simu hizo ndimo Sihaba alimomweleza habari za jiwe. Ndani ya jiwe lile, alisema, mna vitone vya mviringo, vidogo kama punje za ulezi, vilivyokuwa matone ya moto jua likiwa bado changa na dunia haijakuwepo. Vumbi lilishikana na vitone vile yakawa mawe, mawe yakagongana na kushikana yakawa majabali, na majabali yakajumlishana yakawa sayari hizi. Yako yaliyobaki nje ya ujenzi, hayakuingia kwenye sayari yoyote, na hizo ndizo asteroidi. Mataifa makubwa yalikuwa yametuma vyombo vya anga kwenda kuchota vumbi la asteroidi hizo na kulirudisha, safari za miaka. “Nyie mmeletewa mlangoni,” alisema.

“Kwenye bati,” Twalib alimsahihisha, na kwa mara ya kwanza aliizungumzia siku ile jiwe lilipoanguka bila sauti kumkatika.

Kwao Sihaba habari zilifika haraka. Mzee Abdullatif, baba yake, alikuwa na duka la vitambaa Mji Mkongwe, duka la baba yake na babu yake. Akasema fundi wa friji kutoka Zinga anakaribishwa sana nyumbani kwake siku friji likiharibika. Neno hilo lilimfikia Twalib kabla halijapoa. Kwa wiki nzima alimwita Sihaba “binti wa mjini”, na haukuwa utani.

Mwishoni mwa Julai Bi Mwanamkasi akalegea. Jiwe likakatwe, alisema, lakini kwa sharti moja: yeye awepo, ili msumeno unapoligusa amsomee dua marehemu mumewe. Sihaba akaahidi mbele ya Twalib. Akaondoka nalo ndani ya lile friza.

Wiki ya pili ya Agosti, saa tatu asubuhi, msimamizi wake, Dakta Bwanausi, akamwambia kwamba fundi wa msumeno wa almasi anasafiri kesho na hatarudi kabla ya miezi sita. Akate leo au asubiri. Sihaba akampigia Twalib, hakupatikana, akamwandikia kwamba jiwe linakatwa leo; alikuwa Mbegani ndani ya chumba cha baridi, anatengeneza mitambo. Saa sita ujumbe ukaingia: *Mama ana homa. Tusubiri siku mbili, tafadhali.*

Aliusoma. Akausoma tena. Kisha akailaza simu kifudifudi mezani, akavaa glavu. Saa saba jiwe likawa vipande viwili.

Ndani lilikuwa la kijivu kama msasa, limenyunyiziwa chembe zinazong'aa mithili ya fedha, na vile vitone vya mviringo vimejaa, vizima, havijaguswa. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Machozi yalimtoka. Simu hakuigeuza.

Twalib alikuja chuoni siku ya tatu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Wakakutana kwenye korido, wanafunzi wanapita.

“Mama amelala na homa, na kila akiamka anauliza jiwe litakatwa lini,” alisema. “Nimjibu nini?”

“Sikuiona meseji yako.”

“Hukuiona.”

“Sikuiona, Twalib. Niliiona baadaye.”

Twalib alikiangalia kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Sihaba. “Wale wawili wa mwanzo walikuwa na vitambulisho vya uongo. Wewe chako ni cha kweli. Basi, hiyo ndiyo tofauti yenu.”

Neno hilo lilimchoma Sihaba pale palipostahili, na kwa sababu hiyo akajibu vibaya zaidi. Akamwambia kwamba bila yeye jiwe lingekuwa unga kwenye kanga, na kwamba elimu ikiwangojea watu wa aina yao, itangoja mpaka kiama. “Watu wa aina yenu,” alirudia Sihaba, na akajisikia anaongea kwa sauti ya baba yake.

Twalib akaenda zake. Jioni ile Sihaba alipiga akakuta amefungiwa namba.

Kazi ilimwendea kwa namna ya kumsuta. Chini ya hadubini jiwe lilitoa kila alichokuwa akikiota. Wataalamu wa nje wakamwandikia kumwalika akalilinganishe na chembe zilizoletwa kutoka asteroidi. Kilichobaki ni makala kwenda kuchapishwa, na nyuma ya makala kulikuwa na fomu: je, mwenye jiwe aliridhia namna lilivyokatwa? Weka sahihi. Dakta Bwanausi akamwambia asaini, ukurasa ule haujawahi kusomwa na mtu. Fomu ikakaa mezani siku nne. Ya tano Sihaba akabeba vipande vyote viwili, akapanda gari la asubuhi kwenda Zinga.

Ilikuwa Oktoba, jua kali. Bi Mwanamkasi alikuwa uani anapukuchua mbaazi. Twalib alikuwa pembeni na friji la jirani, hakuinua kichwa. Shikamoo ya Sihaba ilikaa hewani muda mrefu kabla marahaba haijatoka, na mkeka haukutandikwa.

Akakaa chini kwenye mchanga, na baibui lake jipya. Akaviweka vipande mbele ya yule mama. “Twalib aliniandikia kwamba unaumwa, nisubiri siku mbili,” alisema. “Niliisoma meseji saa sita. Nilikata saa saba. Nikamwambia sikuiona. Nimemdanganya mwanao, na kwa mdomo wake nikakudanganya na wewe. Sasa kuna karatasi inayotaka niseme uliridhia, na sijaisaini.”

Bisibisi ya Twalib ikanyamaza.

“Ulipolikata ulisema bismillahi?” Bi Mwanamkasi aliuliza.

“Nilisema.”

“Marehemu ulimtaja?”

“Hapana, mama.”

“Basi uliifanya kazi yako. Yangu hukuifanya.” Aliendelea na mbaazi zake. Punde akauliza, kama asiyetaka kuuliza, jiwe limesema nini.

Sihaba akamweleza yote, bila maneno ya chuoni. Mama akasikiliza, macho kwenye ungo. Mwishoni akauliza: “Na kwa nini lilichagua bati langu?”

“Halikuchagua. Lilikuwa linazunguka huko juu tangu dunia haijaumbwa, halimjui mtu. Hakuna aliyelituma.”

“Sema tena hapo.”

“Hakuna aliyelituma, mama.”

Mikono ya Bi Mwanamkasi ikasimama. Tangu siku ile, alisema, majirani wanasema mumewe alitupiwa jiwe kwa uchawi. Wengine wanasema ni laana, alimdhulumu mtu shamba. Hata msibani walikuwa wananong'ona, na watoto wao hawatumwi kwake kuomba moto. Alizungumza polepole, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye mbaazi, asiyafute. Kisha akavisukuma vile vipande kuelekea kwa Sihaba.

“Kayaandike hayo kwa Kiswahili, uweke na jina la mume wangu, Mgeni bin Khamis, wakasomewe hao majirani. Hiyo karatasi yako ilete nitie dole. Jiwe nimekupa. Radhi sijakupa.”

Sihaba alipoinuka, Twalib alikuwa amekwisha kutoka uani kwa mlango wa nyuma. Hakumsindikiza.

Wiki tatu baadaye mzee mmoja aliyevaa koti juu ya kanzu aliingia dukani kwa Mzee Abdullatif. Akajitambulisha kuwa ni Kitwana, mjomba wa Twalib, akatoa bahasha. Ilikuwa barua ya posa. Mzee Abdullatif aliisoma mara mbili, akasema mwandiko si mbaya. Sihaba, aliyekuwa nyuma ya majora ya vitambaa, alitoka kwa mlango wa uani na kupiga simu. Safari hii ilipokelewa.

“Umeniletea posa, na miezi mitatu hujanisalimia,” alisema.

“Salamu zimo ndani ya barua. Soma chini.”

“Bado umekasirika?”

“Sana.”

“Sasa unanioa kwa nini?”

Kwa nyuma ilisikika kompresa ikinguruma, kisha ikazimwa. “Ile karatasi ungeisaini ukakaa zako Dar, na hakuna ambaye angejua,” Twalib alisema. “Ulikuja ukasema mbele ya mama, na mimi nasikia. Sijakusamehe, Sihaba. Nimejaribu kukuacha nimeshindwa, nimejaribu kukusamehe nimeshindwa. Nikaona nilete posa, mengine tutagombana nayo tukiwa pamoja.”

Sihaba akamwambia kwamba na yeye ana yake. Twalib amemwita mwizi mbele ya wanafunzi, akamfungia simu kama tapeli. Na mwakani yeye Sihaba anakwenda nje miezi minne na jiwe lake, asije akaambiwa mke wa mtu hasafiri. Twalib akasema anajua, na kwamba atamtengenezea kasha jingine, maana lile la kwanza mpira wake haukukaa sawa.

“Ulikaa sawa,” alisema Sihaba.

“Haukukaa.”

Wakazozana juu ya mpira huo mpaka salio likaisha. Sihaba alirudi ndani akiwa anatabasamu na macho yamelowa. Mzee Kitwana alikuwa amepewa kahawa. Baba yake alimtazama, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mwenye barua ndiye yule fundi. Akajibu ndiye. Akamuuliza jibu lake, na Sihaba akasema ndiyo.

Mzee Abdullatif aliikunja barua, akaitia mfukoni. Alisema amesikia kijana huyo ana hasira, na nyumba yenye mtu wa hasira ni mtihani.

“Watakuwa wawili, baba,” Sihaba alisema, akaenda kumwongezea mgeni kahawa.