Anab Afungiwa Stoo

Asubuhi za likizo ya Agosti, Anab aliamka, akaswali, akanywa chai kwa anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, kisha akamsaidia mama yake kufungua duka lao sokoni Kyuso. Alifagia nusu ya sakafu, akaacha ufagio mlangoni na kukimbilia jambo jingine. Mama yake, Ladan, alikuwa amechoka kumkumbusha.

Jumanne moja maji ya mfereji yalitoka. Ladan alitia mpira wa maji katika pipa lililokuwa stoo, nyuma ya duka.

"Simama hapa. Pipa likijaa, funga maji."

"Sawa, hooyo," Anab alijibu, kwani ndivyo alivyozoea kumwita mama yake.

Nje, lori lilikuwa likipakia mbuzi. Mmoja aliruka chini na watu wakaanza kumfukuza. Anab alitoka kutazama kidogo tu. Aliporudi, maji yalikuwa yamejaa sakafuni na magunia ya sukari yalikuwa yamelowa.

Ladan hakumgombeza. Alitoa maji, akaanika magunia, kisha akaweka meza ndogo stoo pamoja na vitabu vya kazi ya likizo.

"Utakaa humu mchana kutwa mpaka umalize. Humu hakuna cha kukuita."

Akafunga komeo kwa nje.

Stoo ilikuwa na joto, na ilinuka sabuni. Anab alianza kusoma hadithi ya ufahamu. Alipofika mstari wa tatu alijikuta akihesabu misumari ya bati. Akaanza upya. Akasikia mteja akiomba kiberiti, pikipiki ikipita, panya akikwaruza nyuma ya magunia. Akaanza tena. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Miguu ilimwasha kwa kutaka kukimbia.

Rafiki yake Kanini alikuja kwenye dirisha dogo la nondo. "Unatoka lini?"

"Nikimaliza."

"Umefika wapi?"

Anab alitazama kitabu. "Mwanzo," akasema, na machozi yakamtoka.

Jioni hiyo Ladan alifungua mlango. "Umemaliza?"

Mama yake hakujua kusoma Kiswahili. Anab angeweza kusema ndiyo, akatoka. Alitamani sana kutoka.

"Hapana, hooyo. Hata ukurasa mmoja sijamaliza. Si kwamba sitaki. Nikifika mwisho wa mstari, mwanzo wake umeshanitoka. Na nikifungiwa ndipo ninaposikia kila kitu."

Ladan aliketi juu ya gunia. Kisha akachukua kitabu, akamshika Anab mkono, wakaenda nyumbani kwa Mwalimu Kasyoki, aliyemfundisha Anab shuleni.

Mwalimu aliwasikiliza. Akachukua kitabu na kufunika ukurasa kwa kipande cha karatasi, akabakiza mistari miwili. "Soma hii tu. Kisha zunguka nyumba, urudi."

Anab alisoma, akazunguka, akarudi. Mwalimu akashusha karatasi. Wakaendelea hivyo mpaka hadithi ikaisha, na maswali yake Anab akayajibu.

"Mama Anab," mwalimu alisema, "mtoto huyu si mvivu wala hakudharau. Akili yake huvutwa na mambo mengi kwa wakati mmoja. Mpe kazi moja, iwe fupi, nawe uwe karibu. Akimaliza, mwache akimbie kidogo. Pia mpeleke hospitalini wamwangalie. Si jambo la aibu."

"Nilidhani nikimfungia atatulia," Ladan alisema polepole.

Kuanzia kesho yake, meza ilikaa dukani kando ya mama. Kuna siku Anab aliacha swali katikati akatoka mbio, na Ladan akamwita bila hasira. Shule zilipokaribia kufunguliwa, alifika ukurasa wa mwisho. Majibu mengine yalikuwa na makosa, lakini yote aliyaandika mwenyewe.

Ladan alitia vitabu kwenye mkoba. "Siku ile ungenidanganya, ningeamini," alisema. "Ungetoka stoo, lakini shida yako ungebaki nayo peke yako. Ukikwama, mwanangu, sema ukweli. Nami nitauliza kabla ya kukuadhibu."