Zamu ya Yanina

"Dada, usikinge hapo! Mashine hiyo hutoa maji yanayotokota, utaunguza majani."

Ailén alishtuka, themosi nusura imponyoke. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, mwezi wa Julai, na baridi ilikuwa imewapandisha watu wa stesheni ya Constitución mabega hadi masikioni. Wengine walikimbilia treni za kusini, wengine walimzonga muuza mikate, na yeye alisimama mbele ya mashine ya maji ya moto kama alivyosimama kila Jumatatu.

Aliyemkemea alikuwa nyuma yake kwenye foleni: mwanamke mrefu, mnene wa kupendeza, koti la rangi ya haradali limefungwa mkanda kiunoni, kucha nyekundu, na kibuyu kidogo cheusi amekibana kwapani kama kifaranga.

"Nimekunywa maji ya mashine hii miaka minne," Ailén alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana una uso mchungu hivyo."

"Uso wangu si mchungu. Ni wa Jumatatu."

Mwanamke yule alicheka kicheko cha kugeuza vichwa vya watu. Akaichukua themosi bila kuomba, akaipooza kwa maji baridi ya chupa yake, akaweka majani ya yerba, ile chai chungu ya kunywa kwa zamu, kwenye kibuyu, akachomeka mrija, akamimina taratibu pembeni yake. Kibuyu cha kwanza akakinywa mwenyewe, akakunja uso, kwa sababu cha kwanza ndicho kichungu na ni haki ya anayetengeneza. Cha pili akampa Ailén.

"Haya, kimbaumbau. Onja, kisha uniombe radhi."

Ailén aliyeona haya hata kumwomba mhudumu chumvi, alijikuta ameketi benchi moja na mtu asiyemjua, akinywa kwa mrija wake, na wala hakuufuta.

"Ile ni treni yangu," alisema ghafla.

"Ilikuwa yako. Sasa ina wenyewe. Naitwa Yanina."

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Wiki ya pili wakala piza kwa kusimama, huku jibini likiwaning'inia kidevuni, na hapo Yanina aliweka uma chini.

"Nikuambie jambo kabla sijakupenda zaidi. Nilipozaliwa waliandika kwenye cheti kwamba ni mvulana. Nilipofika miaka ishirini na moja nikaenda nikabadilisha. Kuna watu nikiwaambia hivi hukumbuka ghafla wameacha jiko linawaka."

"Mimi sina jiko," Ailén alijibu. "Nina birika la umeme tu, na nimelizima."

Kuanzia hapo simu hazikukatika. Ailén alimpigia asubuhi akiwa kitandani, mchana akiwa amejifungia chooni kazini.

"Kibonge wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, kimbaumbau? Au umekula hewa na sahani?"

"Nimekula tufaha."

"Tufaha ni chakula cha farasi, moyo wangu. Leo njoo kwangu, nina dengu na soseji."

Yanina alimpa kile kibuyu cheusi kiwe chake. "Kipeleke kazini," alisema, "ili kila ukinywa unione."

Kazi ya Ailén ilikuwa katika ofisi ya miti ya manispaa moja ya kusini, mahali wanapokuja watu wenye malalamiko: mzizi umeinua sakafu ya mama mkwe, chavua inawaliza watoto, tawi limelalia waya. Walikuwa wanne tu. Mkuu Bonfanti alikaa chumba cha kioo. Mirta, mwenye nywele zisizotingishika hata kwa upepo wa Agosti, alipokea wananchi dirishani. Mzee Osvaldo, mkata matawi aliyeacha kidole kimoja juu ya mti wa mkuyu, siku hizi alikagua ramani. Ailén ndiye aliyeandika barua, na saa nne kila siku ndiye aliyezungusha kibuyu. Alivyodhani yeye, hapakuwa na aliyejua lolote kuhusu moyo wake. Mkataba wake ulihuishwa kila Desemba, na yeye aliamini kwamba ukimya ndio unaouhuisha.

Mwezi wa Oktoba Yanina alipiga simu akipiga kelele.

"Nimepata! Ile sheria ya nafasi moja katika kila mia kwa watu kama mimi, jina langu limetoka! Kazi ya serikali, kimbaumbau! Bima! Likizo! Mimi!"

"Mpenzi wangu! Ofisi gani?"

"Shikilia kiti. Ya miti."

Ailén alifurahi kwa pumzi moja, na pumzi ya pili ikamwingia hofu. Jioni hiyo Yanina alikuwa akijaza fomu ya ajira. Alipofika kwenye kisanduku cha mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura, alianza kuandika herufi A.

"Usiandike jina langu," Ailén alisema. "Bado. Kazini tusijuane kwanza. Mpaka mkataba upite."

Yanina akaifuta ile A kwa kidole chenye ukucha mwekundu.

"Sina mwingine wa kuandika," alisema. "Kitabaki kitupu."

Wiki moja kabla hajaanza kazi, ulikuja waraka wa maneno yanayofaa. Mirta aliubandika juu ya meza yake na kuwasomesha wenzake.

"Kuanzia Jumatatu hakuna 'mabibi na mabwana'. Ni 'karibuni nyote'. Na mwenzetu mpya ni 'mwanamke mwenye utambulisho wa kitrans'. Mzee Osvaldo, rudia."

"Mimi na meno haya? Litaniishia njiani."

"Maneno huumiza watu, Mzee. Wako waliotukanwa maisha yao yote."

"Hilo sikatai, binti yangu. Lakini la urefu huo litamchosha hata anayelibeba. Hana jina?"

"Analo. Yanina."

"Basi! Si ungesema tangu mwanzo."

Ailén aliinamia barua yake kuhusu mti wa jakaranda. Moyoni alikubaliana na wote wawili.

Yanina alikuja amevaa blauzi ya bluu ya mikono mipana na hereni za lulu bandia. Mzee Osvaldo hakuwepo, alikuwa amelazwa kwa operesheni ya goti. Mkuu Bonfanti alimpa mkono, akamuuliza kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto kwa mawe, "Ungependa tukuiteje?"

"Wakubwa walionilea mtaani walijiita travesti. Ni tusi la polisi kwa watu kama sisi, wao wakalivaa kama shali, nami nimelirithi. Lakini Yanina inatosha, Mkuu."

"Travesti haimo kwenye waraka," Mirta alinong'ona kwa wasiwasi.

"Hata mimi sikuwemo," Yanina alijibu akicheka.

Saa nne ikafika. Ailén akanywa cha kwanza, kichungu. Cha pili akampa Mirta. Akajaza cha tatu, na aliyefuata kuketi alikuwa Yanina. Tayari mkono wake wenye kucha nyekundu ulikuwa unainuka.

"Yanina atakuwa amekuja na chake," Mirta alisema, tena kwa tabasamu tamu. "Si ndiyo? Siku hizi mambo ya usafi..."

Kibuyu kikaning'inia hewani. Ailén aliona macho ya Mirta. Akaona Desemba. Asubuhi ileile, jikoni kwa Yanina, walikuwa wamenyonya mrija huohuo hadi maji yakaisha. Akageuka, akampelekea Mkuu Bonfanti.

Yanina aliushusha mkono wake polepole, akautuliza gotini kama mtu anayemlaza mtoto.

Jioni, ndani ya treni, Ailén alipiga simu.

"Uko behewa gani?"

"La mbele. Usije."

"Yanina, nilishikwa na woga. Mirta alikuwa ananitazama, nika..."

"Mirta simjui. Nimerukwa na wasionijua tangu nina miaka kumi na minne, Ailén. Nimeshajifunza. Wewe ndiye uliyeujua mdomo wangu, na ndiye uliyeuruka."

"Nipe mwezi mmoja tu, moyo wangu."

"Wamejifunza kuniita vizuri, na nawashukuru. Sasa nani atanipa zamu yangu?" Treni ikapiga honi, na simu ikakatika. Haikupokewa tena.

Zilipita wiki mbili. Mkuu Bonfanti alimtoa Yanina dirishani, akamhamishia kwenye stoo ya mafaili, ati wananchi wamzoee taratibu. Pale aliketi peke yake na themosi ndogo ya plastiki. Kila aliyepita mlangoni alimsalimu kwa maneno yaliyonyooka kama uzi, na hakuna aliyeingia. Ailén alikonda akabaki macho. Alipiga simu chooni, akasikiliza ikiita, akarudi kuandika kuhusu mizizi.

Ndipo Mzee Osvaldo akarudi na mkongojo. Alisalimiana na Yanina mlangoni mwa stoo.

"Wewe ndiye yule kijana... yule msichana... Nisamehe, mwanangu, waraka niliuacha hospitali. Umetoka wapi?"

"Lanús, Mzee."

"Lanús! Nilikata miti yote ya Lanús. Mnanichukia huko."

Saa nne aliketi. Kibuyu kikamfikia. Akahesabu watu kwa macho, akahesabu tena.

"Mbona hakiendi stoo?"

Mirta akanyoosha karatasi zilizokwisha nyooka.

"Yeye ana chake," alisema.

Mzee Osvaldo alikirudisha kibuyu mkononi mwa Ailén, kimejaa vilevile.

"Nimekunywa na wezi, nimekunywa na mapadri, na watu wa timu ya upande wa pili. Nimekunywa na mtu aliyenikata kidole hiki kwa uzembe wake. Duara lenye pengo silinywi." Akainuka na mkongojo wake, akatoka kuvuta sigara.

Ailén hakulala vizuri, na kesho yake hakungoja saa nne. Saa tatu kasorobo alichemsha maji, akayazima kabla hayajatokota. Akanywa cha kwanza mbele ya wote. Akajaza cha pili, akampita Mirta, akampita Mzee Osvaldo, akaipita meza yake mwenyewe, hadi mlangoni mwa stoo.

Yanina aliinua macho toka kwenye faili. Hakuwa amepaka rangi kucha.

"Nina changu," alisema.

"Najua. Hiki ni chako pia, wewe ndiye uliyenipa."

"Ni cha kwanza?"

"Cha kwanza nimekunywa mimi. Kilikuwa kichungu sana, kibonge wangu, na kilinistahili."

Aliliita jina hilo kwa sauti. Nyuma yake kiti kililia. Yanina alikitazama kibuyu muda mrefu, na Ailén akakishikilia, maji ya moto yanamdondokea vidoleni.

"Utaungua, mjinga wee," Yanina alisema mwishowe, akakipokea. Akanywa hadi mrija ukakoroma.

Ailén akakijaza tena, akanywa mwenyewe bila kuufuta mrija, akageuka. Masikio yalikuwa yanamwaka.

"Yanina ni mpenzi wangu. Tangu Julai. Nilimruka mbele yenu kwa sababu ya woga, na hakustahili. Kuanzia leo zamu huanzia stoo. Asiyetaka kunywa baada yake asinywe. Na Mkuu, kama mkataba wangu..."

"Mkataba wako nimeusaini wiki iliyopita," Mkuu Bonfanti alisema akiwa mlangoni mwa chumba chake cha kioo. "Na kuhusu Julai, mwanangu, ukuta wa choo ni wa mbao. 'Kibonge wangu umekula, kibonge wangu umelala.' Ofisi nzima tunajua hata menyu."

"Tulidhani kibonge ni mwanamume wa Quilmes," alisema Mzee Osvaldo. "Dau nimepoteza."

Yanina alipasuka kwa kicheko kile cha stesheni. Ailén naye akacheka huku analia, na kile alichokibeba kifuani kwa miaka minne kikashuka kama mzigo wa kuni.

"Na meza ya dirishani, Mkuu?" aliuliza akijifuta. Alishangaa mwenyewe kusikia sauti yake. "Wananchi watamzoeaje mtu aliyefichwa?"

Mkuu Bonfanti alikuna shingo. Alikuwa mtu wa haki pale alipokumbushwa.

"Jumatatu," alisema. "Hapana. Leo mchana. Nilikosea, Yanina."

Mirta hakunywa siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu aliunyoosha mkono bila kumtazama mtu, akanywa, akasema maji yamepoa. Yanina akamjibu kwamba yangekuwa ya moto kama angekuja mapema. Siku ya nne Mirta alileta keki ya ndimu, akaanza kuikata akianzia upande wa Yanina.

Ijumaa jioni walishuka Constitución pamoja, behewa moja, mkono kwa mkono. Jakaranda za uwanjani zilikuwa zimemwaga maua hadi kwenye ngazi. Walikaa kwenye benchi lao karibu na mashine ya maji. Yanina akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Mkuu amenirudishia fomu yangu. Anasema haipokelewi na kisanduku kitupu. Jaza wewe, una mwandiko mzuri."

Ailén aliandika jina lake, namba yake, mtaa wake. Kalamu ikasimama.

"Hapa wanauliza uhusiano."

"Waraka unasemaje?"

"'Mtu mwenye ukaribu wa kihisia.'"

"Mama yangu! Mpaka uimalize, mgonjwa amekufa."

"Niandike mpenzi?"

"Mpenzi ni wa piza."

"Rafiki?"

"Nitakupiga na themosi."

Ailén alimtazama: koti la haradali limekunjwa mapajani, kucha zimerudi kuwa nyekundu. Kwa kawaida haya zingemfunga ulimi. Alizingoja zije, hazikuja.

"Nikiandika 'mke'," alisema, "itakuwa uongo kwenye hati ya serikali. Itatubidi tuufanye uwe kweli haraka. Machi, joto likipungua?"

Yanina alimimina maji taratibu pembeni ya mrija. Kibuyu cha kwanza kabisa, kile kichungu, akakiinua, akanywa nusu, akampa Ailén nusu iliyobaki.

"Februari," alisema. "Andika kabla treni haijatuacha tena."