Pazia la Wifi

Pazia lilishonwa liishie juu kidogo ya sakafu. Siku moja tu baada ya kutundikwa, pindo lilikuwa limelala chini.

"Wifi, umenishonea pazia au sanda ya tembo?" mke wa kaka wa fundi alicheka kwenye simu.

"Kitambaa kipya hulegea," fundi alijibu. Alijua ni uongo. Kitambaa kile hakilegei.

Fundi huyu wa cherehani alikuwa ameitaka nyumba ile mwenyewe. Dalali aliwapeleka kuiona siku moja, yeye na wifi yake: vyumba viwili, sebule, na jiko lenye dirisha lake. Kodi yake ilikuwa ya kukausha mate, lakini fundi alishajinyima mpaka maziwa ya chai. Dalali akasema funguo ni za anayelipa mwaka mzima, na kaka mtu akamlipia mkewe palepale. Fundi akarudi kwenye chumba chake kimoja, ambamo wanawe walilala nyuma ya shuka iliyofungwa kwa kamba. Kabla ya kuagana alitabasamu, akasema hongera. Mungu atuepushe na tabasamu za namna ile.

Kisha akaombwa ashone mapazia. Tangu mama yake amfundishe kazi, hakuwahi kuingiza mkasi kwenye kitambaa bila bismillahi. Siku ile alisahau, au tuseme ulimi ulikuwa na shughuli nyingine. "Kwa nini yeye?" alinong'ona, na mkasi ukafunga. "Kwa nini yeye?" Ukafunga tena.

Wiki haikwisha, simu ikalia.

"Wifi, njoo." Safari hii hakucheka. "Kuna harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi, na pasi iko kabatini. Na nyuma ya pazia kuna cherehani inashona. Mchana kweupe, wifi! Nikilifunua, kimya. Nikiliachia, inaendelea."

Fundi alimkuta shehe ameshafika, amekaa mkekani anasoma kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma pazia lilivuta pumzi na kuzitoa, likijaa kama shavu la mtu anayezuia kilio, huku harufu ile ikizidi mpaka macho yakatoka machozi, na mlio wa sindano ukaongeza kasi, tatata, tatata, kama wa fundi anayewahi sikukuu, hata wifi mtu akashika nguo ya fundi kwa mikono miwili asijue anamshikilia nani.

Shehe akanyamaza.

"Hiki hakikujileta," alisema polepole. "Kimeshonewa humu. Aliyeshona afumue, kisha aseme mbele ya huyu mwenye pazia alichokuwa nacho moyoni. Kitaondoka."

Fundi akachukua wembe. Alifumua pindo, akafumua mikunjo, na kila uzi uliokatika harufu ilipungua. Pazia likabaki kitambaa kitupu mapajani mwake.

"Haya, sema, mwanangu."

"Sema tu, wifi yangu," mke wa kaka alimnong'oneza. "Sitakukasirikia. Mimi hapa nimeshapahama hata hivyo, silali tena humu. Mwenye jengo anasema atashusha kodi kwa yeyote atakayethubutu kuingia."

Neno lilikuwa limeshafika kooni. Fundi aliangalia jiko lenye dirisha lake. Akisema, kaka yake atajua, na ukoo mzima utajua, na nani atamwacha aingie nyumba aliyomfukuza mwenzake?

"Sina neno," akasema. "Ni uzi mbovu tu."

Shehe alimtazama sana, akakunja mkeka wake. "Basi mimi nimefika mwisho wangu. Kilichobaki ni chako na Mola wako."

Fundi alihamia nyumba ile Ijumaa, kwa kodi ambayo hata chumba chake cha zamani kiliikaribia. Watoto walikimbia kutoka chumba hadi chumba wakigombea pa kulala. Yeye alisimama dirishani, alhamdulillahi ikianza kumtoka, na ng'ambo ya barabara mwanamke asiyemjua akafungua milango ya kioo, akatoka kwenye roshani pana kuanika nguo.

Harufu ya nguo iliyoungua ikaja taratibu, kisha pumzi ya moto sikioni.

"Na ile, huitaki?"

Fundi hakugeuka. Alikuwa anayahesabu madirisha ya nyumba ya ng'ambo.