Aliyesimama Ukingoni mwa Kinamasi

Maiti ilikuwa imezama hadi mabegani, uso ndani ya maji, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea ukingoni kama wa mtu anayeomba kushikwa.

Wapimaji wa ardhi ndio walioiona. Walikuwa wamekuja kupigilia vigingi vya njia ya matembezi, ile njia iliyokuwa imeugawa mji mzima, na aliyetangulia alipofika kwenye kona ya kinamasi alisimama, akatema mate pembeni, akawaambia wenzake wasisogee.

Inspekta alifika na viatu visivyofaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kutazama pembeni, ili mtu ajibu akidhani hasikilizwi.

"Ni nani?"

"Afisa mazingira wa manispaa, afande," Koplo alijibu. "Watu wanamwita Dada Vyura."

"Kwa nini vyura?"

"Alikuwa anakuja huku kuwasikiliza. Alisema wakinyamaza, ujue kinamasi kinaumwa."

Inspekta alikuwa anamjua kwa sura. Nani hakumjua? Manispaa ilitaka njia ya kuzunguka kinamasi, watu wapate pa kutembea na kukimbia, maana barabara kuu ilikuwa ya malori na haikuwa na kando ya waendao kwa miguu. Kazi ya yule dada ilikuwa kutathmini athari: njia ikipita, ardhioevu itapona au itakufa? Kikao cha tathmini kilipangwa kufanyika siku hiyohiyo, na neno lake ndilo lililokuwa likisubiriwa. Mji mzima uliapa kwamba angekataa.

Mtaalamu wa uchunguzi alikuwa amechuchumaa juu ya ubao uliolazwa matopeni.

"Njoo uone, afande. Ukanyage ubao tu. Hizi ni nyayo za wapimaji. Hizi za marehemu. Sasa tazama hizi mbili."

Yalikuwa mashimo mawili, sambamba, yamejaa maji. Mtaalamu aliingiza fimbo, ikazama na kuendelea kuzama.

"Mbona zimeenda chini hivyo?"

"Kwa sababu huyu hakupita. Alisimama. Matope ya hapa humeza taratibu. Ukipita, yanakuachia. Ukisimama, yanakunywa."

"Vidole vinaelekea wapi?"

Mtaalamu aliinama zaidi. Alinyoosha tu kalamu yake. Vidole vilielekea kwenye maiti.

"Alijitoaje?"

"Kwa shida. Alivuta matete haya kwa mikono miwili. Majani yake yanakata kama wembe, na damu hii hapa. Nimechukua sampuli ya vinasaba."

Inspekta alibaki akiyatazama yale mashimo. Alikuwa ameshaona waliochomwa visu na waliopigwa risasi. Wale waliuawa na watu waliokuwa na haraka. Huyu aliuawa na mtu aliyekuwa na nafasi.

Daktari wa maiti alipiga simu kabla Inspekta hajamaliza kusafisha viatu.

"Amekufa maji, jana jioni," alisema.

"Hakupigwa?"

"Hana jeraha la kupigwa. Matope mapafuni, mizizi kwenye kucha. Alipambana sana."

"Angeweza kuokolewa?"

"Na yeyote mwenye mkono, Inspekta."

*

Mkandarasi wa njia aliitwa Kokoto, na jina lilimkaa. Aliingia chumba cha mahojiano akijaza mlango, akavuta kiti kama mwenye nyumba.

"Mnanishika kwa sababu niligombana naye? Kila mtu aligombana naye."

"Ulimwambia nini ofisini kwake?"

"Nilimwambia vyura hawapigi kura."

"Yeye akasemaje?"

"Akasema ndiyo maana wanahitaji mtu wa kuwasemea." Kokoto alicheka, kisha akakumbuka mwenye maneno hayo yuko wapi sasa, akakatiza. "Alikuwa na mdomo, yule dada. Mungu amrehemu."

"Ulidhani angesema nini kikaoni?"

"Angekataa. Si ndiyo kazi yake, kukataa? Vifusi vyangu vya kujengea njia vimelala pale, mvua inavila."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

Kokoto alimtazama Koplo. Koplo akakuna shingo.

"Afande," Koplo alisema, "jana jioni alikuwa hapa. Kaunta yetu. Trafiki walizuia lori lake, akakaa anatutukana mpaka taa zikawashwa."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, afande."

Inspekta alifumba macho kidogo, akayafumbua. Kumbe mshukiwa wake wa kwanza alikuwa na shahidi mwenye sare, tena anayekula mshahara ofisi moja na yeye.

*

Ofisi ya Mkurugenzi wa manispaa ilinuka rangi mpya. Ukutani ilikuwa ramani ya kinamasi, na juu yake mstari mwekundu wa njia, umepita katikati bila kuuliza.

"Alikuja kwangu jana mchana," Mkurugenzi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, naye hakujaribu kuyaficha. "Aliketi hapo ulipoketi."

"Akakwambia anakataa."

"Akaniambia anakubali."

Inspekta, aliyekuwa akitazama dirishani, aligeuka.

"Kwa masharti," Mkurugenzi aliendelea. "Hakuna kifusi hata koleo moja. Njia yote iwe ya mbao, juu ya nguzo, maji yapite chini. Ianzie upande wa hospitali, wagonjwa na wenye viti vya magurudumu wafike. Kona ya ndege wanaotaga isiguswe. Alikuwa amefikiri mpaka mahali pa kuweka mabenchi."

Inspekta akamkumbuka mumewe. Tangu apigwe na kiharusi alikuwa akijifunza kutembea upya kwenye korido ya nyumba yao, huku na huko, na ukuta ulikuwa na alama za kiganja chake tangu jikoni hadi chumbani. Aliliweka wazo hilo kando. Halikuwa la kazini.

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Aliniomba nisimwambie hata katibu wangu. Alisema yuko mtu mmoja anayetaka kumweleza mwenyewe kabla ya kikao."

"Nani?"

"Hakumtaja. Alisema tu, 'Itamuuma.'"

*

Aliyeongoza kamati ya kulipigania bwawa, kama wenyewe walivyokiita kinamasi, alikuwa fundi saa mstaafu. Alikuwa pia mjomba wa marehemu. Baba wa binti alipofariki, ndiye aliyemchukua dada yake na mwanawe, akawaweka chini ya dari yake. Ndiye aliyemfundisha binti majina ya ndege kabla hajajua kuandika lake.

Matanga yalikuwa yamejaza ua. Fundi Saa hakuwa huko. Inspekta na Koplo walimkuta kwenye kibanda chake cha kazi nyuma ya nyumba, ameketi mbele ya meza yenye vibisibisi vyembamba kama sindano. Ukutani saa zilikuwa zikigonga, kila moja na mwendo wake. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Pole sana, mzee."

"Tumepoa, binti yangu. Karibuni."

"Umeumia mikono?"

"Kioo. Saa ya ukutani iliniponyoka."

Inspekta alitazama saa zilizoning'inia. "Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita. Kazi zilikuwa zimembana."

"Yeye alikuwa upande wenu?"

"Angekuwa upande gani? Nimemlea mimi. Nilikuwa nambeba mabegani, namwonyesha ndege, yule korongo, yule kulasitara. Yule mtoto ndiye kitu pekee nilichowahi kukitengeneza kikatoka sawa."

Koplo aliinamisha kichwa. Uchungu wa mzee ulikuwa wa kweli, na jambo hilo ndilo lililomsumbua Inspekta.

"Watu wengine wanasema njia haitadhuru sana," alisema, akigeuza macho kwenye saa moja yenye ufa.

"Watu wanajua nini? Eti mbao hazidhuru. Eti maji yatapita chini. Kila nguzo ni msumari, Inspekta. Mchukue mtu aliye hai, mgongomelee misumari kifuani, halafu useme hajaumia kwa sababu anapumua."

Inspekta hakuacha kuitazama ile saa.

"Mbao, mzee?"

Fundi Saa alisogeza kibisibisi kimoja.

"Mji mzima unazungumzia kifusi. Kokoto mwenyewe anazungumzia kifusi. Habari ya mbao nimeisikia leo, kwa mtu mmoja tu. Na yeye aliisikia jana mchana."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mzee aliuinua mkono mmoja uliofungwa, akautazama, akaushusha mezani katikati ya vibisibisi vyake.

"Naomba nione viganja," Inspekta alisema kwa upole.

Alivifungua mwenyewe, kitambaa kimoja, kisha cha pili, pasipo haraka, kwa vidole vilivyozoea vitu vidogo. Mikato ilikuwa myembamba, mingi, imepita kiganja upande hadi upande kama mistari ya daftari.

"Kioo hakikati hivi, mzee."

"Hapana," Fundi Saa alisema. "Hakikati hivi."

*

Kituoni alikataa chai. Inspekta aliwasha kinasa sauti, akamweleza haki yake ya kukaa kimya.

"Nimekaa kimya tangu jana," mzee alisema. "Inatosha."

"Alikupitia nyumbani?"

"Jioni, jua halijazama. Akasema, 'Mjomba, twende nikuonyeshe kitu.' Akanitembeza kinamasini kama bibi harusi anayeonyesha nyumba mpya. Hapa nguzo. Hapa benchi. Hapa wagonjwa watapumzika, wasikilize ndege. Nikamwambia, mwanangu, umetuuza."

"Akajibu nini?"

"Alisema, 'Tusipowapa mbao leo, kesho watamwaga kifusi nami sitakuwepo mezani. Bora nusu, Mjomba.' Nusu! Mimi ni fundi saa. Saa yenye nusu ya magurudumu utaifanyia nini? Tukapandishiana sauti. Akarudi nyuma, hatazami anapokanyaga. Pale majani yanaelea tu, chini hakuna kitu. Akaingia mpaka kiunoni."

"Ulimsukuma?"

"Sikumgusa."

"Endelea."

"Alicheka kwanza. Akasema, 'Nimeingia kama punda, nipe mkono.' Nikasogea. Nikaunyoosha." Mzee aliunyoosha mkono juu ya meza, kiganja chake kikiwa wazi, kisha akaurudisha kifuani. "Halafu nikafanya hivi."

Koplo aliyesimama mlangoni alibadilisha mguu.

"Kwa nini?"

"Nikamwambia, sema kwanza kwamba kesho utakataa."

"Alikuwa anazama."

"Polepole. Alidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wangu."

"Akasemaje?"

Fundi Saa aliinamia meza. Alipoongea, alikuwa kama anayetafuta kitu kilichodondoka sakafuni.

"Alisema, 'Nitakataa, Mjomba.' Akarudia. 'Nitakataa. Nishike.'"

Inspekta aliinua kichwa. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba binti alishikilia msimamo wake mpaka mwisho. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Alikubali?"

"Alikubali."

"Ulichotaka ulikipata. Kwa nini hukumtoa?"

"Kwa sababu alikuwa anadanganya." Mzee aligeuza viganja chini. "Nimemlea mimi. Tangu mdogo akidanganya sauti yake hupanda mwishoni. Nilijua nikimtoa ataoga, atalala, na asubuhi ataingia kikaoni aseme kweli. Mtoto yule hakuweza vingine. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha."

"Basi ukasimama."

"Nikasimama. Nikawa nasubiri aseme tena, safari hii sauti isipande. Maji yakamfika kifuani. Yakamfika hapa. Nami nasubiri. Halafu hakukuwa na wa kusema."

"Ulikuwa unajua atakufa."

"Nilikuwa najua bwawa litapona," mzee alisema. "Hilo ndilo lililokuwa kichwani. Jingine lilikuja baadaye, nilipotaka kuondoka nikakuta miguu imenaswa. Nikashika matete. Nikajiambia, unaona, wewe unajitoa."

Inspekta alizima kinasa sauti. Alisaini, Koplo akasaini, na mzee akasaini kwa shida, kalamu ikiteleza kwenye mikato. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Kikao kimeamua nini?"

"Kimeahirishwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kama aliyepewa kilicho chake.

Inspekta alitoka. Koridoni, kwenye benchi la wanaosubiri, aliketi mwanamke mmoja mwenye nywele nyeupe, amejifunga kanga ya matanga, na mapajani amepakata sweta la kiume lililokunjwa vizuri. Alisimama alipomwona.

"Mimi ni mama yake marehemu," alisema. "Nimeambiwa kaka yangu yuko huku anawasaidia. Hapa kwenu pana baridi, nikaona nimletee hili. Kifua chake si kizuri." Akalinyoosha sweta, kisha akasita. "Amewasaidia, mwanangu? Mmempata?"

Inspekta alilipokea sweta kwa mikono miwili. Lilikuwa bado na joto la mapaja yake.

"Kaa kwanza, mama," alisema, naye akaketi kando yake.