Hendeli Iliyogeuzwa Kengele

Kila siku akirudi kutoka shule, Ghislaine alivua sare yake, akaitundika msumarini, kisha akashika ufagio. Hakungoja kuambiwa. Nywele za kusukia zilikuwa zimetapakaa sakafuni, nyeusi, kahawia na nyekundu, na mtoto wa miaka kumi na miwili anajua kwamba mteja hakai kwa raha penye takataka.

Saluni ya mama yake haikuwa kwenye jengo. Ilikuwa ndani ya karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari. Mama, Mrundi aliyekuja Durban na mtoto mgongoni, aliinunua kuukuu kutoka kwa bibi mmoja wa Westville ambaye alikuwa amechoka kusafiri. Sasa ilisimama bondeni, Chatsworth, kwenye kiwanja cha kupanga karibu na kijito. Mchana ilikuwa saluni, usiku Mama na Ghislaine walilala humo humo. Nyumba nyingine hawakuwa nayo.

Ubavu mmoja wa karavani ile ulikuwa chumba kizima kinachotoka nje kama droo ya kabati. Mama alibonyeza kitufe, mota ikanguruma, chumba kikatoka, ikapatikana nafasi ya viti viwili na beseni la kuoshea nywele. Laetitia, msichana wa Kongo aliyemsaidia Mama kusuka, alikuwa amekitungia chumba hicho kitendawili, na hakuna mteja mgeni aliyenusurika nacho.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu hutoa tumbo asubuhi, hulirudisha safarini."

Mteja akihangaika, akitaja kobe, akitaja konokono, Laetitia humcheka. "Umeshindwa, mama. Nipe mji!"

"Haya, chukua Johannesburg."

"Nimekwenda Johannesburg, nimekula, nimeshiba, nimevaa koti la baridi, nawe umebaki hapa na nywele nusu! Si hii hii umeketi ndani yake?" Karavani nzima ilicheka.

Ghislaine naye alicheka, ila wiki tatu hizi alikuwa akicheka huku akitupia kabati jicho, kwa kuwa alikuwa na siri. Ndani ya kabati, chini ya sinki, palikuwa na mkono wa chuma uliopindwa mara mbili, mrefu kama mwiko mkubwa. Mama aliuita hendeli. Bibi wa Westville alikuwa amesema, "Umeme ukikosekana, chumba kinarudishwa kwa hendeli hii." Lakini mwaka mzima ulipita bila hendeli kuguswa. Siku moja Ghislaine aliigonga kwa kijiko, ikalia *tiiing!* sauti safi ya kukaa masikioni.

Kwaya ya watoto ya kanisa lao, alimoimba Ghislaine, ilikuwa ikihangaika kwa kukosa kengele. Ghislaine akaifunga hendeli kwenye mfuko wa sare ya kwaya, akaipeleka gereji ya Pasta Térence, walikoabudia Jumapili. Diane, binti wa pasta, aliining'iniza kwa kamba. Watu wazima wakaisifu kwaya. "Nitairudisha wiki ijayo," Ghislaine alijiambia. Wiki ijayo ikaja na nyimbo mpya.

Kisha mvua ikaja.

Ilinyesha Jumanne usiku, ikanyesha Jumatano mchana kutwa. Umeme ulikatika mtaa mzima. Alhamisi shule ilifungwa. Saa nane mchana kulikuwa giza kama magharibi, na kijito kilikuwa kimeacha njia yake. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita katikati ya kiwanja yakibeba matairi, ndoo na tawi zima la mti.

Mwenye kiwanja alipiga simu. "Mama Ghislaine, ondoka! Huko juu maji yamevunja ukuta. Hama sasa hivi!"

Mama alimwita Papa Léonard, Mkongo mwenye bakki, kama huku wanavyoliita pikapu. Alifika upesi, akarudi nyuma taratibu kwenye tope, akaifunga karavani kwenye bakki. Kisha akatazama geti, akatazama chumba kilichotokeza, akatikisa kichwa.

"Eish! Mama Ghislaine, hatupiti. Nguzo za geti ziko karibu sana. Rudisha chumba kwanza."

Mama alibonyeza kitufe. Kikalia *tk*, basi. Akabonyeza tena kwa dole gumba, kwa nguvu, kana kwamba kitufe ni kiziwi. Kimya. Siku mbili bila umeme walikuwa wamewasha taa na kuchaji simu za wateja kwa betri ya karavani, na betri ilikuwa imekwisha kabisa.

"Tusukume!" alisema Papa Léonard. Yeye, Mama na Laetitia waliegemeza mabega, wakasukuma mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Chumba hakikusogea hata upana wa ukucha. Maji yalikuwa yamefika katikati ya magurudumu.

"Hendeli!" Mama alipiga kelele. "Iko hendeli!"

Akakimbilia ndani. Ghislaine, aliyekuwa akifunga nguo kwenye mifuko, alisikia mlango wa kabati ukifunguliwa, sufuria zikitupwa, chupa za shampuu zikibingirika.

"Haipo! Laetitia! Hendeli iko wapi?"

"Mimi sijaiona, Mama Ghislaine."

"Si wewe uliyewapa wale vijana wa vyuma chakavu sufuria zilizotoboka? Uliwapa na hendeli!"

"Mais non, hapana! Niliwapa sufuria mbili tu, na wewe mwenyewe uliniambia!"

"Umeniua, Laetitia! Nilikupokea kama mdogo wangu, na sasa nyumba yangu inakwenda na maji kwa sababu yako. Ondoka. Sitaki kukuona!"

Laetitia alisimama mvuani, mikono ikining'inia. Hakuwa akicheka tena.

Ghislaine alitazama. Hakuna aliyemtazama yeye, wala kumshuku. Angenyamaza, siri ingekwenda na maji, na Laetitia angebeba lawama mpaka mwisho. Lakini karavani nayo ingekwenda.

"Mama," alisema. Mvua ilimeza sauti yake. Akapaza: "Mama! Si dada Laetitia. Ni mimi!"

Mama aligeuka.

"Niliichukua hendeli. Iko gerejini kwa Pasta. Ndiyo kengele yetu ya kwaya."

Uso wa Mama ulibadilika, akainua mkono, na Ghislaine akafumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja.

"Kengele," Mama alisema taratibu, kama mtu anayetafsiri neno geni. "Nimeipigia makofi Jumapili tatu."

Papa Léonard alipima maji kwa jicho. "Makofi baadaye, mama, ya kwaya na ya mashavu. Gari nimeshalifunga, na barabara ya kwenda kwa Pasta imejaa maji. Iko njia ya ngazi. Nani ana mbio?"

Aliyemshika Ghislaine mkono alikuwa Laetitia. "Twende," alisema.

Walipanda ngazi za mlimani, maji yakishuka juu yake kama bomba lililopasuka. Mara mbili Ghislaine aliteleza, mara mbili Laetitia alimvuta. Goti lilichubuka, kandambili moja ikachukuliwa. Gereji ilikuwa imefungwa. Waligonga mpaka Diane akatoka nyumbani amejifunika mfuko wa plastiki kichwani.

"Kengele? Sasa hivi? Mna kichaa? Jumapili tutapiga nini?"

"Diane, si kengele! Ni ya karavani. Niliwadanganya. Leta ufunguo, nyumba yetu inazama!"

Diane hakuuliza tena. Alifungua, akapanda kiti, akaikata kamba kwa meno.

Waliporudi, maji yalikuwa yamefika magotini mwa Mama. Bakki lilikuwa limeanza kutikisika. Papa Léonard alipapasa chini ya chumba, akapata kifuniko cha mpira, akaking'oa. Ndani mlikuwa na tundu. Akaichomeka hendeli, akazungusha. Ikakataa. Akaongeza nguvu, hendeli ikaanza kujikunja.

"Ngoja, ngoja!" Mama alilia. "Ikivunjika tumekwisha!"

Hapo Ghislaine akakumbuka. Ndani ya mlango wa kabati bibi wa Westville alikuwa amebandika karatasi ya Kiingereza. Mama alijua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, lakini Kiingereza cha kwenye karatasi kilimshinda. Ghislaine alikuwa ameitazama kila siku bila kuisoma. Alipanda ndani, akamulika kwa simu, akasoma kwa sauti, akigeuza kila mstari kwa Kiswahili:

"Kwanza, hakikisha ndani hakuna kitu njiani! Pili, mota ina breki. Ilegeze! Kijiti chekundu, ubavuni mwa mota, kigeuze kushoto! Ndipo uzungushe, polepole!"

Papa Léonard alizamisha mkono majini hadi begani. Shavu lake liligusa maji. "Sijakipata... sijakipata..." Halafu: "Kiko! Nimekishika!" Kitu kikalia *kak!*

Akazungusha. Hendeli ikaenda. Chumba kikalia kama ng'ombe mgonjwa, kikasogea kiganja kimoja, viganja viwili. Walipokezana, Papa Léonard, Laetitia, Mama, kila mmoja mizunguko ishirini. Kilipofika nusu kikakwama.

"Nini tena, Mungu wangu?" Mama alisema, na safari hii sauti yake ilivunjika kabisa.

Ghislaine alitazama ndani. Kiti cha wateja kilikuwa kimebanwa kati ya chumba na sinki. Alikuwa amesoma mstari wa kwanza na mwenyewe hakuufuata! "Rudisheni nje kidogo! Kidogo tu!" Walipolegeza, alikumbatia kiti kile, akakiburuta mpaka mlangoni, akakisukumia nje. Maji yakakichukua mara moja, kikapita getini kikizunguka kama mtu anayecheza.

"Zungusheni!"

Chumba kiliingia, kikagonga mwisho: *ndu!* Papa Léonard alikimbilia usukani.

"Bado!" Ghislaine alipiga kelele kutoka mlangoni. "Breki! Karatasi inasema breki irudishwe, ama chumba kitatoka chenyewe barabarani!"

Mama mwenyewe ndiye aliyepiga magoti majini, akapapasa, akakirudisha kijiti. Kisha bakki likanguruma, magurudumu yakazunguka bure, yakarusha tope, yakashika. Karavani ilipita kati ya nguzo, na upande mmoja ulikwaruza rangi, lakini ilipita. Walipofika juu, kwenye uwanja wa kanisa jirani, waligeuka kutazama bondeni. Ukuta wa kiwanja ulikuwa ukianguka tofali kwa tofali, na pale karavani iliposimama mto wenyewe ulikuwa ukipita.

Mama aliwasha jiko la gesi, akachemsha chai yenye tangawizi. Kikombe cha kwanza hakumpa Papa Léonard wala hakukinywa mwenyewe. Alimpa Laetitia kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, nilikutukana mbele za watu bila kuuliza. Nakuomba radhi mbele ya watu wale wale."

Laetitia aliipuliza chai muda mrefu. "Iliniuma, Mama Ghislaine. Iliniuma kuliko baridi." Kisha akanywa. "Lakini yamekwisha."

Ghislaine alipiga magoti mbele yake. "Dada Laetitia, nisamehe. Nilikuona unasingiziwa na karibu ninyamaze."

"Karibu," alisema Laetitia. "Karibu si kunyamaza. Kitendawili!"

Ghislaine alishangaa. "Tega..."

"Nilikimeza kikawa jiwe, nilipokitema kikawa mkate wa nyumba nzima."

Ghislaine alifikiri. Papa Léonard alikuna kichwa, akaanza kutafuta mji wa kutoa. Lakini Ghislaine hakutaka mtu atoe mji.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilipolificha na nilipolisema."

Mama alimvuta kando yake, akafuta tope kwenye goti lililochubuka.

"Mwanangu, sikia. Uliichukua hendeli bila kuomba, ukaona ni jambo dogo kwa kuwa haikutumika. Kitu kisichotumika leo huenda ndicho kitakachotuokoa kesho, na si juu yako peke yako kuamua. Ungeniomba, ningekutafutia kengele. Kwa hilo nitakuadhibu: mwezi mzima utaosha taulo zote. Lakini ulisema kweli wakati hakuna aliyekushuku. Kama ungengoja dakika kumi zaidi, kweli yako ingetukuta hatuna nyumba. Ukikosea, sema, na sema mapema, kabla maji hayajapanda."

Papa Léonard alikohoa. "Na kwaya je? Nina kipande cha nondo gerejini kwangu. Kinalia hicho!"

Jumapili nondo ililia, kwa sauti nzito kidogo, na Diane alinung'unika wimbo mzima. Hendeli ilikuwa nyumbani, imetundikwa msumarini kando ya sare ya shule. Chini yake palikuwa na karatasi mpya yenye maandishi ya Ghislaine, kwa Kiswahili, na mstari wa kwanza ulikuwa umepigiwa mistari miwili: *Toa kiti kwanza.*